Bati la Anti Tabby

Mei 5

Mvua bado. Asubuhi nimemkuta Mama ameinama jikoni akipanga sufuria chini ya matone. Jiko letu liko uani, na paa lake ni la mabati ya kuokotezaokoteza. Bati moja ndilo sumbufu: linavuja kwa mstari, tone kando ya tone. Mama anajua kila tone linapoangukia. "Sabah, sogea," aliniambia. "Umesimama mahali pa sufuria ndogo."

Kutoka kwetu Makina, Kibera, nikaenda Gatina, kwa Mwalimu Mumbua. Yeye ndiye anayefundisha Kiswahili Gredi ya Nane, na shule yake ni ya kwanza upande wa Kawangware kukubali mradi wetu: watoto waandike, tuchague, tuhariri, tuchape kitabu chenye majina yao, kizinduliwe siku ya wazazi mwisho wa muhula. Alikuwa ameshakusanya hadithi. Zote zimeanza kwa kurauka alfajiri majogoo yakiwika. Kawangware nzima haina majogoo mengi hivyo. Na kila ukurasa umejaa kalamu nyekundu ya Mumbua, ameongeza tamathali mpaka watoto hawaonekani.

"Madam, mtihani unataka hivyo," alisema. "Mtoto asipopamba hapati maki."

Nikamwambia kitabu si mtihani. Nikachukua chaki, mbele ya watoto, nikaandika ubaoni kwa herufi kubwa: MWENYE HADITHI ASOME KWANZA. Nikaeleza kwamba hatutachapa neno ambalo mwenyewe hajaliona kwenye prufu, zile kurasa za kukagua kabla ya kuchapa, na akisema hapana ni hapana, hata kama anayebishana naye ni mwalimu, hata kama ni mimi. Mumbua aliiweka kalamu yake kwenye mkoba, uso umemshuka. Nilijisikia vizuri sana. Nakumbuka hata nilijipangusa chaki mikononi polepole, nikijua wananitazama.

Mei 9

Mvua. Mwanafunzi mmoja ameuliza kama anaweza kuandika kuhusu mbwa. Nimesema ndiyo.

Mei 14

Leo nimecheka mpaka machozi. Hadithi mpya zimekuja, bila majogoo, na Mumbua akawaita wenye hadithi wasome mbele ya darasa. Akasimama msichana mrefu, mkimya, anayetafuna kifuniko cha kalamu. Anaitwa Nelima Wepukhulu. Hadithi yake inaitwa "Anti Tabby Aenda Harusini."

Inaanza hivi: "Zamani tulikaa Kibera. Nyumba yetu ilikuwa ya mwisho kwa plot na ilivuja. Baba yangu ni fundi wa mabati, kwa hivyo aliona haya kuvujiwa. Akaleta bati la saluni iliyofungwa. Lilikuwa na picha ya mwanamke amesukwa nywele, jicho moja limekwanguka. Baba aliligeuza picha ikaangalia ndani, ndio rangi isiharibiwe na jua. Nikilala namwona. Nikampa jina Anti Tabby. Yeye ndiye alikuwa analala mwisho, kwa sababu ana jicho moja tu la kufunga."

Darasa lilivunjika mbavu. Kengele ikalia kabla hajafika harusini. Nilimwambia Mumbua papo hapo kwamba hii ndiyo itakayofungua kitabu. Nelima alisikia. Hakutabasamu, ila aliitoa kalamu mdomoni.

Mei 15

Nilikuwa jikoni nikingoja chai ichemke, nikaendelea na hadithi ya Nelima pale ilipoachwa na kengele. Nainakili hapa, maana nataka iwe mahali fulani jinsi ilivyo.

"Mvua ilikuja asubuhi ya harusi. Kijana wa Mama Hayat, mwenye plot, ndiye alikuwa anaoa. Mama Hayat akaja na watu na ngazi. Akamwambia mama, 'Mama Nelima, nisaidie hii bati, wapishi wananyeshewa, jioni nairudisha.' Mama hakusema ndio wala hapana kwa sababu nyumba si yetu. Baba alikuwa Kitengela kwa mjengo. Anti Tabby akashuka ngazi kichwa chini. Nikamfuata nione atawekwa wapi.

"Aliwekwa juu ya wapishi. Nilikaa chini yake nikala pilau. Mama Hayat akaniona, akaniongeza nyama, akasema, 'Kula, binti yangu, kwani hujashiba?' Pilau ilikuwa tamu sana. Niliona aibu kwa sababu ilikuwa tamu na kwetu kunanyesha kwa kitanda.

"Jioni bati halikurudi. Harusi ilikuwa ya siku nyingi. Baba alipokuja alikuta nguo na unga vimeharibika, na majirani wakiuliza paa la fundi limeenda wapi. Alisema kitu kimoja tu: 'Hiyo bati haikutoka yenyewe.' Tukahamia Kawangware 46. Mimi nafikiri Anti Tabby bado yuko harusini."

Mama Hayat ni mama yangu, anaitwa kwa jina la dada yangu mkubwa. Kijana aliyekuwa anaoa ni kaka yangu Anwar. Mimi wakati huo nilikuwa nafanya kazi Eldoret, nikaja siku ya harusi yenyewe, nikala pilau ile ile.

Niliinua kichwa. Alikuwa hapo, juu ya moto wetu, mweusi kwa moshi: nusu ya uso, misuko ya kichwani, jicho moja. Namwona kila siku tangu nirudi nyumbani, na sijawahi kujiuliza ametoka wapi. Chai ilifurika ikauzima moto.

"Unaota?" Mama alinipigia kelele kutoka mlangoni.

Mei 16

"Mama, hili bati la picha ulinunua wapi?"

"Lilikuwa la plot. Kwa nini?"

"Linavuja."

"Basi niletee lingine," akasema, akaendelea kumenya vitunguu. Sikuuliza zaidi.

Mei 22

Nimemwambia Mumbua kwamba hadithi ya Nelima ina shida kidogo, inataja mtu. Akasema, "Si tubadilishe jina tu? Tumwite Mama Fulani. Mtoto hatakataa." Alisema kitu cha akili na rahisi, nami nikamjibu nitaangalia.

Jina halitasaidia. Harusi ile, mvua ile, bati lile la saluni: Makina nani hatajua? Watu huja uani kwetu kila Ijumaa kunywa chai. Watamwangalia Anti Tabby, kisha watamwangalia Mama. Mama, ambaye mtaa mzima unamwita mtu akifiwa, akizaa, akikosana na mumewe. Na kitabu kitabeba jina langu nyuma, mhariri.

Mei 27

Nimeimaliza. Mwenye plot ametoka, harusi imetoka, pilau na nyama vimetoka. Sasa kuna upepo. "Usiku ule upepo mkali ulivuma, na kwa kuwa misumari ilikuwa michache, bati letu likang'oka na kupeperuka." Bati linaruka juu ya Kibera, Anti Tabby anaona mji wote kwa jicho lake moja. Kusema kweli ni pazuri. Nimepasoma mara nyingi nikajipongeza kwa lile neno la kupeperuka. Kichwa kipya: "Safari ya Anti Tabby."

Nilijiambia watoto wengi wameezuliwa na upepo, kwa hivyo hadithi sasa ni ya wengi. Nilijiambia pia kwamba naikinga shule isije ikasumbuliwa. Sababu zilikuja zenyewe, moja ikiivuta nyingine, hata sikuhitaji kuzitafuta.

Juni 6

Idi. Mama amepika tangu alfajiri, nyumba imejaa. Amepita na sinia akaniona nimenyamaza, akaniwekea nyama juu ya wali. "Kula, binti yangu, kwani hujashiba?"

Niliisogeza nyama pembeni mwa sahani.

Juni 12

Siku ya prufu. Kila mtoto amepewa kurasa zake na penseli, na darasa likawa kimya. Mwenye mbwa amekataa koma yangu moja, nikaitoa, wakapiga makofi.

Nelima alikuwa ameketi mikono juu ya dawati.

"Teacher Sabah, yangu?"

"Yako inakuja. Mchoraji hajamaliza picha."

"Si nisome tu maneno? Picha nitaona baadaye."

"Inakuja, Nelima."

Mchoraji alimaliza wiki iliyopita. Kurasa zake zilikuwa kwenye mkoba wangu, chini ya kiti nilichokalia. Ubaoni, ile sentensi yangu ilikuwa bado ipo. Watu wamefundisha hesabu na sayansi kuizunguka na hakuna aliyeifuta.

Juni 20

Mvua imekwisha, baridi imeingia. Sikwenda popote.

Juni 30

River Road, kwa Vincent mpiga chapa. Alikuwa akipanga kurasa, akasoma ya Nelima kwa sauti, akacheka. "Madam, huyu mzee ni fundi wa mabati na paa yake imeenda na upepo! Kwani alipigilia na mate?"

Nilicheka naye. Kisha kicheko kikaniganda mdomoni, maana hilo sikuwa nimeliona kabisa. Nilikuwa nimeutoa mkono wa mama yangu, na hadithi ikabaki inadai mwenye kosa mwingine, nami nikaiwekea baba yake Nelima. Lile neno lake, "haikutoka yenyewe," nimelikata. Lakini "baba yangu ni fundi wa mabati" nimeliacha palepale kwenye aya ya kwanza.

Mashine zilikuwa hazijawashwa. Ningeweza kusema, "Vincent, ngoja." Nilisema karatasi ya jalada iwe nzito kidogo.

Julai 14

Vitabu vimefika shuleni. Mimi sikwenda, nilisingizia mafua. Mumbua amenipigia jioni, akaniambia watoto walivinusa, walivibusu, mwenye mbwa alilala juu ya chake. Nelima alifungua ukurasa wake, akasoma akiwa amesimama, akakifunga, akakiweka ndani ya dawati na kutoka nje.

"Nilimfuata," Mumbua alisema. "Akaniangalia, akaniambia, 'Mwalimu, si ulisema umewacha hiyo kalamu nyekundu?' Madam, mtoto anafikiria ni mimi. Mimi hata hiyo hadithi sijaigusa. Ni wewe ama ni huyo wa kuchapa?"

"Nitaangalia," nilisema.

Julai 17

Mumbua amenipigia tena akilia. Sikuwahi kumsikia akilia, ni mwanamke wa kukaripia darasa mpaka madirisha yatetemeke.

Mafundi wa Kawangware 46 hukaa pamoja asubuhi na vyombo vyao wakingoja wenye nyumba waje kuwachukua. Mmoja ana mtoto shuleni, akaja na kitabu, akawasomea wenzake. Tangu juzi baba yake Nelima haitwi Wepukhulu. Anaitwa Misumari. Wanamuuliza kama leo kuna upepo. Jana mama mmoja alikuja kutafuta mtu wa kuezeka vyumba vyake, Wepukhulu akainuka, wenzake wakaangua kicheko, na yule mama, bila hata kujua wanachocheka, akachukua mwingine.

Wepukhulu akaja shuleni. Alisimama mlangoni pa ofisi ya walimu ameshika kofia, akamuuliza Mumbua, "Mwalimu, mimi nilikukosea nini?"

"Nilimwambia si mimi," Mumbua alisema. "Akaniambia, 'Basi ni nani? Mtoto ameniapia si yeye. Kitabu haijiandiki.' Sikuwa na jibu. Madam, huyo mtu hakupiga kelele hata kidogo. Heri angenitukana."

Na mimi, ambaye jibu nilikuwa nalo, nilifungua mdomo nikasema, "Pole, Mwalimu."

Pole! Naona haya kuliandika hilo neno. Nimewahi kusema uongo mdogo mdogo kama watu wote, lakini sijawahi kukaa nikamsikiliza mtu akilia kwa kosa langu, nikampa pole kama jirani.

Julai 18

Jua kali leo, la kwanza baada ya siku nyingi. Niliingia jikoni na kusimama chini ya Anti Tabby. Nuru ilikuwa inapenya kwenye bati lake, vitobo vidogo vya mviringo vimefuatana ukingo mzima, vimekaribiana kama mshono wa cherehani. Vingine viko katikati, safu juu ya safu. Nikatazama mabati mengine ya jiko letu. Yana msumari hapa na msumari kule, na mawe juu.

Vile vitobo ni vya misumari ya Wepukhulu. Aliyekuja na ngazi aliing'oa mmoja mmoja. Ndimo mvua inamopita. Mama amekuwa akipanga sufuria chini ya kazi ya mikono ya yule mtu msimu mzima, na mimi nikiwa nimekaa papa hapa, kikombe mkononi, nikaandika kwamba misumari ilikuwa michache. Sikuinua hata macho nihakikishe uongo wangu.

Mama aliingia na kuni.

"Mama, hili bati ni la Mama Nelima."

Aliweka kuni chini. Hakuuliza Mama Nelima gani.

"Nilisema jioni," alisema. "Jioni ikanyesha zaidi. Kesho yake wakaja wageni wa Bombo, Uganda, ungewapikia wapi? Harusi yetu unaijua, haiishi. Siku nilipokumbuka nikaenda, nikakuta wamehama. Nimrudishie nani? Ningelitupa?"

"Ungewatafuta."

"Ningewatafuta," alikubali. Akakaa kwenye kigoda. "Nani amekuambia?"

Nikamweleza yote, kitabu, upepo, misumari, fundi anayechekwa na wenzake. Nilidhani atalia, au atanishukuru kwa kumfichia. Kwa kweli nilikuwa nangoja hilo la pili. Alikunja uso.

"Unamficha nani, Sabah? Makina nzima inajua. Walikuja na ngazi mchana kweupe. Bibi yako, Mungu amrehemu, alininunia mpaka anaenda kaburini kwa sababu ya hilo bati. Wewe ndio ulikuwa hujui, kwa sababu hukuwa unauliza."

Niliinama nikaanza kupanga kuni mekoni.

"Nisomee," akasema. "Ile ya mtoto. Yako sitaki."

Nilimsomea. Nilipofika pale Anti Tabby anashuka ngazi kichwa chini, alijifunika mdomo kwa mtandio, sijui alikuwa anacheka au nini. Nilipofika penye pilau akaniambia rudia. Nikarudia. "Kula, binti yangu, kwani hujashiba?"

"Sikumjua ni mtoto wa nani," alisema. "Nilimwona tu ana njaa. Na hilo nalo umelitoa?"

"Nimelitoa."

"Ukanifutia ubaya wangu na uzuri wangu pamoja. Sasa umeniachia nini?"

Aliondoka akaniacha na moto usiowaka.

Julai 21

Nilikwenda Gatina kwa miguu, sikutaka kufika haraka. Nikamwambia Mumbua ukweli wote darasani, watoto wakiwa wametoka.

Hakufoka. Alitazama ubao. MWENYE HADITHI ASOME KWANZA, chaki imefifia, pembeni kuna hesabu za sehemu.

"Unajua watoto nimewakataza kuifuta?" alisema. "Kila Ijumaa wanafuta ubao wote wanaruka hapo."

Nilitaka kuomba msamaha. Akainua mkono. "Usiniambie mimi. Siku ya wazazi utaambia wote, na mimi nitakuwa nimekaa, nakusikiliza."

Julai 25

Baridi. Sijala vizuri. Mama amenipita mara mbili bila kunisemesha, kisha ameniletea uji.

Julai 31

Siku ya wazazi. Nitaandika polepole.

Hema lilijaa, na baridi ilikuwa ya kuuma. Wepukhulu alikaa safu ya mwisho na mkewe, kofia juu ya goti. Ni mtu mwembamba, mabega mapana. Mafundi kadhaa walikuwepo pia, maana nao ni wazazi. Nilipokuwa nikipanga vitabu mezani nikamwona Mama anaingia, kitenge kipya, kapu la gurusa, mikate yetu ya Kinubi, mkononi. Sikumwalika. Akakaa mbele kabisa.

Mumbua alitangaza, "Mhariri ana neno," akakaa, akafumbata mikono.

Nilikuwa nimeandika hotuba. Niliifungua nikaona ina "changamoto" na "mawasiliano," nikaikunja. Nikasema hivi, au karibu na hivi:

"Hadithi ya kwanza kwenye kitabu si ya Nelima. Nimeiandika mimi nikaweka jina lake. Hakukuwa na upepo. Bati la nyumba yao lilichukuliwa na mwenye plot kufunika jiko la harusi, na mwenye plot ni mama yangu. Niliogopa aibu. Nikasema misumari ilikuwa michache, na haikuwa michache. Nimeyaona mashimo yake, yako jikoni kwetu. Mzee Wepukhulu alipigilia vizuri kuliko mtu yeyote aliyewahi kugusa paa letu. Mwalimu Mumbua hakujua chochote, na alipoulizwa nilimwacha alaumiwe. Naomba msamaha."

Sauti iliniisha katikati, nadhani nusu hawakusikia. Lakini mafundi walisikia. Mmoja alisema kwa nguvu, "Kumbe!" na mwingine akamgusa Wepukhulu begani. Wepukhulu hakugeuka. Alikuwa ananitazama mimi, na uso wake sikuweza kuusoma.

Nelima akaja mbele. Nilimnyooshea karatasi zake za mwanzo, hakuzichukua. Alisema yote kwa kichwa. Watu walicheka penye jicho moja la kufunga. Penye pilau hawakucheka. Penye "Hiyo bati haikutoka yenyewe," fundi mmoja akapiga makofi kabla ya wakati, na wote wakafuata, na mtoto akalazimika kungoja.

Baadaye Mama alimwendea Nelima na kapu. Nilisimama karibu bila kujua niweke wapi mikono yangu.

"Ndio wewe ulikula pilau yangu?"

"Ndio mimi."

"Ilikuwa tamu kweli, ama ulikuwa na njaa tu?"

Nelima alifikiri. "Zote mbili," alisema.

Mama akampa gurusa. Akamgeukia mama yake Nelima, akataka kusema kitu, akashindwa, akamshika tu mkono. Yule mwanamke alimwacha aushike, lakini wake hakuufunga.

Mimi nilimwendea Wepukhulu. "Mzee, nisamehe."

"Nimesikia, madam," alisema. Akavaa kofia. "Sasa hii kitabu iko kwa nyumba za watu. Utaenda kila nyumba?"

Agosti 2

Mama ameamka akaniambia nitafute mkokoteni. Bati limeshushwa na vijana wa plot. Tulilisugua moshi kwa majivu na maji mpaka Anti Tabby akatoka, amepauka. Nilitaka tumtume mtu. Mama alikataa. "Nilisema nitarudisha mimi."

Basi tulitembea kutoka Makina hadi Kawangware 46, mwenye mkokoteni mbele, Mama kando ya bati akilishika lisicheze, mimi nyuma. Watu wa Makina walitoka milangoni. "Mama Hayat, unahama?" Akawajibu wote, "Narudisha bati la watu." Kila aliyeuliza alimjibu vilevile, bila kupunguza sauti, na kila alipojibu mimi niliangalia chini.

Wepukhulu alikuwa mlangoni akinoa mkasi wa bati. Mama alisimama, anahema.

"Baba Nelima, nilisema jioni," alisema. "Nimechelewa."

Aliweka mkasi chini. Alipitisha kidole kwenye ukingo, kitobo baada ya kitobo, mpaka mwisho. Kisha akalibeba peke yake akaliingiza ndani. Mkewe akaleta viti nje, chai ikafuata. Nelima alisimama mlangoni.

"Amezeeka," alisema, akimaanisha Anti Tabby. Mimi hakunisalimu.

Agosti 6

Mvua imenyesha, ya kushangaza kwa mwezi huu. Jiko halina paa upande mmoja. Nimepika mimi, nimelowa, sikulalamika.

Vincent amekubali kuchapa kurasa mpya, tutabandika juu ya zile za zamani, na ndiyo, nitakwenda kila nyumba yenye kitabu. Leo nilipeleka prufu kule Kawangware 46. Nelima alisoma nje, ameketi kwenye ndoo, kalamu nyekundu mkononi. Ni ya Mwalimu Mumbua, amempa. Hakubadilisha kitu kwenye hadithi. Alifika kwenye ile sentensi ndogo niliyoweka chini ya ukurasa: "Hadithi hii ilibadilika katika toleo la kwanza kwa kosa la uchapaji."

Aliisoma mara mbili. Nilihisi joto limenipanda shingoni, maana baada ya yote yale, hema, mkokoteni, bado nilikuwa nimejitafutia mahali pa kujificha, na mtoto amenikuta hapo. Vincent hana hata kosa moja.

Alikata "uchapaji" kwa mstari mmoja ulionyooka. Juu yake akaandika "Sabah." Kisha akanipa ile karatasi.

"Soma kwanza," alisema. "Ukisema hapana, ni hapana."

Nilisoma. Nikamwambia iko sawa.